Kanuni Zipo kwa Kichina, Tuzidai

Kuna kauli imeota mizizi Gakindu na Mukurwe-ini nzima, ikapanda hadi Othaya, Nyeri mjini, Karatina na Nanyuki: kwamba Mchina hana kanuni. Ukiuliza ushahidi, unaambiwa utazame lugha yao. Neno la faida wanalo, la amri wanalo, la adhabu wanalo, ila la kanuni, ile inayomfunga mtu hata pasipo wa kumwona, hawana. Nimeisikia kauli hii kwa kibarua aliyeshinda juani akimwaga lami, nikaisikia kwa mwalimu mwenye shahada, nikaisikia tena kwa mzee wa kanisa anayeheshimika. Wote waliitamka kwa yakini ile ile. Mimi naipinga, na nina sababu mbili. Kwanza, si kweli. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kauli hiyo inamfaidi yule yule tunayedhani tunamshutumu.

Tuanze na lugha, maana ndiko walikochimba msingi wa hoja yao. Neno la kila siku la kanuni kwa Kichina ni yuanze. Mtu mwenye msimamo, asiyeyumbishwa na hongo wala cheo, husemwa kuwa ana yuanze. Anayegeuka kila upepo unapogeuka husemwa hana yuanze, na kwa kiongozi au mfanyabiashara hilo ni shutuma nzito. Tafakari jambo hilo moja. Watu gani watamshutumu mwenzao kwa kukosa kitu ambacho wao wenyewe hawakijui?

Karibu na yuanze yamesimama maneno mengine. Lipo daoli, yaani hoja yenye haki ndani yake. Mchina mwenye kudhulumiwa sokoni husema kwamba aliyemdhulumu hasemi daoli, na wapita njia humwelewa mara moja. Lipo yi, uadilifu unaomtaka mtu atende lililo sawa hata likimtia hasarani. Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK, alifundisha kwamba mtu akilazimika kuchagua kati ya uhai wake na yi, auache uhai. Lipo shu, ambalo Confucius alilitaja alipoulizwa na mwanafunzi wake neno moja la kumwongoza mtu maisha yote, nalo ni kumpima mwenzako kwa nafsi yako. Na lipo guiju, lililoundwa kwa majina ya vyombo viwili vya fundi: bikari ya kuchorea duara na skwea ya kunyooshea pembe.

Hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa karibu. Neno letu kanuni tulilipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu walilipokea kutoka Kigiriki, ambako kanon ilikuwa fimbo iliyonyooka ya kupimia. Mgiriki na Mchina, bila kuambiana, wote wawili waliingia karakana ya fundi kutafuta jina la jambo hili. Waliona kwamba mtu anahitaji kipimo kisichopinda kwa ajili ya rafiki wala kwa ajili ya adui. Ukisema Mchina hana wazo hilo, umelipinga neno alilolitia bikari na skwea kwa mkono wake.

Silabi ze, iliyo ndani ya yuanze, ina historia nzito zaidi. Katika maandishi ya kale yaliyochorwa kwenye shaba, alama yake ni chungu cha miguu mitatu na kisu kando yake. Vyungu hivyo vya shaba vilikuwa vya ibada na vya dola, na maneno yaliyowekwa juu yake yalikusudiwa yadumu. Mwaka 536 KK, katika dola dogo la Zheng, waziri Zichan aliagiza sheria za adhabu ziandikwe kwenye vyombo vya shaba ili kila mtu azijue. Shu Xiang, mtumishi mwadilifu wa dola jirani la Jin, alimwandikia barua kali ya kupinga. Hofu yake ilikuwa kwamba watu wakishajua maandishi, wataacha kuwaogopa wakubwa wao, wataanza kushindana kwa maneno ya sheria. Zichan hakurudi nyuma. Mwaka 513 KK Jin yenyewe ikafanya vivyo hivyo kwa chungu cha chuma, na safari hii aliyepinga alikuwa Confucius.

Soma tena kisa hicho. Miaka zaidi ya 2,500 iliyopita, watu hawa tunaosema hawana kanuni walikuwa wakigombana kama kanuni ikae kwenye maandishi anayoyaona kila raia, au ikae moyoni mwa kiongozi mwema. Sisi Wakenya tulibishana jambo hilo hilo kwa miaka 20 kabla ya kuipitisha Katiba ya 2010. Taifa lisilo na wazo la kanuni haligombani hivyo.

Wapo watakaonijibu kwamba yuanze lenyewe ni neno jipya. Ni kweli kwamba wanahistoria wa lugha huliweka katika kundi la maneno yaliyoingia Kichina cha kisasa kwa njia ya Kijapani, wakati wasomi wa Asia walipokuwa wakitafsiri vitabu vya Ulaya kwa wingi. Lakini hoja hiyo ikimwangusha Mchina, inatuangusha sote. Kanuni lilikuja pwani yetu na Waarabu. Haki ni la Kiarabu, sheria ni la Kiarabu, katiba ni la Kiarabu, hata adili. Je, Mswahili wa Lamu hakujua haki mpaka jahazi lilipoileta? Mwingereza naye neno lake la kanuni alilipata kwa Mfaransa, aliyelirithi kwa Mrumi. Mtu huazima neno kwa sababu tayari ana jambo la kulivika. Asiyekuwa na jambo hana cha kuazimia.

Wengine wana hoja nzito kuliko hiyo, nami nitaipa uzito wake. Wanasema kwamba katika ofisi za Uchina, neno hilo hilo la kanuni limegeuzwa mlango wa nyuma. Afisa akikwambia kwamba kwa kanuni jambo haliruhusiwi, mara nyingi maana yake ni kwamba linaweza kuruhusiwa ukijua pa kupita. Akikwambia kwamba kwa kanuni linaruhusiwa, huenda usilipate kamwe. Hili ni kweli, na Wachina wenyewe hulilalamikia. Sasa nenda ofisi yoyote ya kaunti hapa kwetu na barua ya kuomba daraja. Utaambiwa kwamba serikali imekubali kimsingi. Mkulima wa Gakindu anajua maana ya kimsingi: daraja halijengwi mwaka huu, wala ujao. Je, tuseme kwamba Kiswahili hakina neno la msingi? Afisa mwongo hulichagua neno la kanuni kwa sababu ya heshima ambayo watu wanalipatia. Hakuna anayeghushi noti isiyo na thamani.

Kauli hii haikuzaliwa Nyeri. Ilikuja na vitabu. Hegel, mwanafalsafa wa Berlin, aliandika mwaka 1831 kwamba lugha ya Kichina ilikuwa bado changa kwa kubeba fikra za juu, na huku hakukijua Kichina. Qian Zhongshu, mmoja wa wasomi wakubwa wa Uchina katika karne ya 20, alimjibu katika kitabu alichokichapisha 1979 kwa kumwonyesha neno moja la Kichina linalobeba maana tatu zinazoshindana ndani yake, uwezo ule ule ambao Hegel aliusifia Kijerumani. Mwaka 1981 Mmarekani Alfred Bloom alidai kwamba wasemaji wa Kichina hupata taabu kufikiri juu ya jambo ambalo halikutokea, kwa kuwa sarufi yao haina alama yake. Miaka miwili baadaye mtafiti Terry Au aliwapa Wachina hadithi zilizoandikwa kwa Kichina fasaha badala ya kile kilichokwamakwama cha Bloom, nao wakaelewa bila shida. Hitilafu ilikuwa kwenye karatasi ya mtihani, wala haikuwa kwenye vichwa vya waliotahiniwa.

Huyo Hegel ndiye aliyeiondoa Afrika katika historia ya binadamu kwenye mihadhara yake. Anayemwamini kuhusu Wachina ajue kwamba mihadhara hiyo inamhusu yeye pia.

Nasi wa Mlima Kenya tumekwisha kuchanjwa kwa wembe huu. Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ilichapisha Nairobi kitabu cha daktari wa akili J. C. Carothers kuhusu Mau Mau. Katika maandishi yake alimchora Mwafrika kama mtu anayeongozwa na desturi ya kabila kutoka nje, asiye na dira ya kimaadili iliyokomaa ndani ya nafsi yake, na kwamba desturi ikivunjika hubaki mtupu. Mwaka huo huo watu wetu walifukuzwa kwenye miinuko yao, nyumba zikachomwa, wakarundikwa vijijini nyuma ya mitaro yenye vigingi vilivyochongoka. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu. Dedan Kimathi alihukumiwa hapa Nyeri mwaka 1956 na kunyongwa Februari 1957. Wazo kwamba Mkikuyu hana kanuni bali ana viapo tu, lilikuwa sehemu ya hesabu iliyoruhusu yote hayo. Ukishamwambia mtu kwamba hana kanuni, umejipa ruhusa ya kutozungumza naye.

Na huku neno tulikuwa nalo. Kikuyu husema kihooto, hoja iliyobeba haki, ambayo ikitolewa barazani hata mwenye nguvu hunyamaza. Wazee wanasema kihooto kiunaga uta mugete: haki yenye hoja huvunja upinde uliokwisha kuvutwa. Simama asubuhi kwenye kiwanda chochote cha kahawa Mukurwe-ini msimu wa mavuno. Mama ameteremka mteremko na gunia la kahawa mbivu mgongoni, kamba imemkata paji la uso. Karani anataka kuandika kilo kabla mshale wa mzani haujatulia. Mama anamwambia angoje utulie, na aandike anachokiona yeye na wote walio kwenye foleni. Karani akinuna, foleni nzima inamgeukia. Hakuna aliyesoma falsafa hapo. Hicho ndicho kihooto, na Mchina aliyesimama karibu angekiita daoli bila kufikiri mara mbili.

John Mbiti, mwana wa Ukambani na mwanateolojia aliyetukuka, alichapisha mwaka 1969 hoja kwamba, kwa kuangalia nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Wanafalsafa wa Kiafrika waliompinga, Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, walikuwa na haki. Mkulima anayepanda mibuni leo akijua hatachuma kabla ya miaka mitatu hivi, na anayepanda mkima mpakani ili mwanawe apate mbao, hahitaji kitenzi maalumu cha kumfundisha kesho kutwa. Tulikataa kupimwa hivyo. Basi tusimpime mwingine hivyo.

Sasa nifike kwenye sababu yangu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Mtu akisema Mchina hana kanuni, amemfutia Mchina deni. Maana asiye na kanuni hadaiwi. Hukwepwa, hulaaniwa, basi. Lakini dola la Uchina limetangaza kanuni zake mbele yetu, kwa Kichina, kwa neno lile lile yuanze, na tarehe zipo.

Mwishoni mwa 1953 Waziri Mkuu Zhou Enlai aliwawekea wajumbe wa India kanuni tano za kuishi pamoja kwa amani, zikatiwa saini katika mkataba wa 1954: kuheshimiana mipaka na uhuru, kutoshambuliana, kutoingiliana mambo ya ndani, usawa na manufaa ya pande zote, na amani. Januari 1964, akizuru Afrika Magharibi, akatangaza kanuni nane za misaada ya Uchina. Zinasema kwamba Uchina itaheshimu uhuru wa nchi inayosaidiwa na haitadai upendeleo. Kwamba mikopo haitakuwa na riba au itakuwa na riba ndogo. Kwamba wenyeji watafundishwa kazi mpaka waimudu. Na kwamba wataalamu wa Kichina wataishi maisha sawa na ya wataalamu wa nchi waliyoijia, bila kudai vya ziada.

Kanuni hizo zilipata kuishi. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Wachina kadhaa walifia kazini na kuzikwa katika ardhi ya Tanzania. Mwenye kusema neno hilo halina maana kwa Kichina ana wajibu wa kulieleza hilo pia.

Halafu tazama 2014. Kenya ilitia saini mikopo ya reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi na Benki ya Exim ya China. Mikataba ilifichwa kwa miaka, mpaka serikali ilipoitoa hadharani Novemba 2022. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha usiri, na kifungu cha kupeleka migogoro kwenye usuluhishi wa Beijing. Mkopo mmoja ulikuwa wa riba ya asilimia 2. Mwingine ulikuwa wa kibiashara, wenye asilimia 3.6 juu ya riba ya soko la London. Mwaka 2018 magazeti ya Nairobi yaliripoti malalamiko ya wafanyakazi Wakenya wa reli hiyo kwamba wanabaguliwa na wasimamizi wa Kichina. Sitetei hata moja katika hayo. Yapambanishe na maneno ya 1964 uone umbali uliopo.

Atasema mtu kwamba zile zilikuwa kanuni za msaada, na hii ni biashara. Basi waseme wao, kwa vinywa vyao, kwamba kanuni zilikoma siku fulani na kwa sababu fulani. Ahadi ni deni. Lakini ili umdai mtu deni lazima kwanza ukubali kwamba aliweza kuahidi. Wanaoshikilia kwamba Mchina hana kanuni wamemwachilia kabla hajaulizwa. Na wamemwachilia pia Mkenya aliyekaa upande wa pili wa meza, akasoma kifungu cha usiri, akatia saini. Huyo anajua Kiswahili, anajua Kiingereza, na kifungu cha 10 cha Katiba yake kinataja maadili ya kitaifa na kanuni za utawala kwa jina. Lugha haikumzuia kuvivunja.

Ndiyo maana nasema kuwa na neno hakutoshi, wala si kwa Mchina peke yake. Katiba yetu inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Tunaiita kanuni, kwa herufi kubwa kwenye magazeti. Bunge lilishindwa kuitungia sheria miaka nenda miaka rudi, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Nyani haoni kundule. Mtu wa Beijing akituhukumu kwa kisa hicho aseme Kiswahili hakina neno la usawa, tutamwita mjinga, na tutakuwa na haki.

Mzee Mwai Kibaki, jirani yetu wa Othaya, ndiye aliyeigeuza Kenya itazame Mashariki. Wakati wa urais wake, Desemba 2005, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika, na Novemba 2012 alifungua barabara ya Thika iliyojengwa na kampuni tatu za Kichina. Barabara pana ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, nayo ilipewa wanakandarasi wa huko huko. Wachina wako kwetu, na kesho wataendelea kuwako. Swali ni tutazungumza nao vipi.

Nawaomba wasomaji wa Gakindu na wa mlima mzima wafanye mambo matatu. Kibarua wa barabara asiseme msimamizi hana kanuni kisha akanyamaza. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri aandike mkataba kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi na kutoa hati ya mshahara. Adai vyote viwili, na akiweza, ataje daoli kwa Kichina, maana msimamizi atamwelewa vizuri. Wawakilishi wadi na wabunge wetu wanapoletewa mkataba wa Kichina wauweke kando ya kanuni nane za 1964, waulize kifungu kwa kifungu ni wapi vimeachana na kwa nini. Na wazazi wasiwazuie watoto kujifunza Kichina, somo ambalo taasisi ya mitaala ilitangaza mwaka 2019 kwamba litaingia shule za msingi, kwa dhana kwamba ni lugha ya biashara tupu. Wajifunze yuanze, yi, daoli na guiju, tena wajifunze vizuri, ili wakikaa mezani na mtu wa Exim Bank waweze kumsomea maneno ya wakubwa wake kwa lugha yake.

Mchina anayetudhulumu hakosi neno la kanuni. Analo, analijua maana, na analivunja kwa kujua, kama anavyofanya afisa wetu anayemsaidia. Wote wawili wahukumiwe hivyo.